Mama Aliyekumbuka Kila Kitu

Siku ya tisa baada ya kumpeleka mama yake katika nyumba ya kulelea wazee, Zumreta alipigiwa simu kazini, na sauti ya mama yake ikamwita kwa jina.

"Zumreta, mwanangu. Umekula?"

Mama kumwita mwanawe si habari. Lakini Bi Behija alikuwa hajalitamka jina hilo kwa miaka miwili na nusu. Zumreta, aliyekuwa akigundisha soli katika kiwanda cha viatu pale mjini Travnik, aliketi sakafuni palepale, gundi ikimkaukia vidoleni, akalia mbele ya wenzake bila haya.

Maradhi ya kusahau yalikuwa yamemwingia mama yake polepole, kama maji yanavyolowesha godoro. Kwanza alisahau sufuria motoni. Kisha akasahau njia ya kurudi kutoka sokoni. Kisha akasahau kwamba mumewe amefariki, akawa anamwandalia kahawa kila asubuhi na kumlaumu kwa kuchelewa. Mwisho akamsahau Zumreta, binti yake pekee, ambaye hakuolewa na ambaye waliishi pamoja katika nyumba ndogo chini ya ngome kongwe ya mji. Akawa anamwita "yule mwanamke".

"Yule mwanamke kaniibia mkoba," alimnong'oneza jirani yao, Muniba. "Mchunge. Ana macho ya njaa."

Kaka yake Zumreta, Rasim, alikuwa dereva wa malori huko Austria. Alipiga simu kila Ijumaa. "Mtafutie mahali pazuri, dada," alikuwa akisema. "Mimi nitakubali lolote utakaloamua." Zumreta alikuwa akiitazama simu na kuona kwamba maneno hayo, pamoja na utamu wake, yamemwachia mzigo wote yeye.

Asubuhi alipokwenda kazini alimfungia mama yake ndani kwa ufunguo. Hakuwa na njia nyingine, kwani mara mbili polisi walimkuta Bi Behija barabarani akiwa na gauni la kulalia. Siku moja ya Oktoba Zumreta alirudi akakuta vidole vya mama yake vimechubuka, vina damu, na mlango una alama. Alikuwa ameugonga mchana kutwa. Usiku ule Zumreta hakulala, na Jumamosi iliyofuata akaanza kutafuta.

Aliona nyumba tano. Katika ya kwanza wazee walifungwa viunoni kwa shuka ili wasianguke vitini. Ya pili ilikuwa safi, ila hapakuwa na nafasi. "Akifa mtu tutakupigia," msichana wa mapokezi alimwambia, akitafuna bisikuti. Katika ya tatu muuguzi aliwaita wazee kwa namba za vyumba. "Kumi na mbili kajikojolea tena! Kumi na mbili, hebu inuka!" Ya nne hakuingia, kilio alichokisikia akiwa langoni kilimtosha.

Ya tano ilikuwa juu mlimani, katikati ya misonobari, jengo lililowahi kuwa hospitali ya kifua kikuu zamani. Kitanda kilikuwepo, kesho yake tu akitaka. Mkuu wa nyumba, Bi Vildana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alimtembeza vyumba vyote. Mashuka yalinukia sabuni. Hakuna aliyelia, hakuna aliyefungwa.

Walipofika ukumbi wa chakula, wazee thelathini hivi walikuwa wanakunywa supu. Zumreta alisimama mlangoni. Ilimchukua muda kuelewa kinachomsumbua. Vijiko vyote vilipanda pamoja, vikashuka pamoja. Hakuna aliyekohoa. Na humo ndani mlikuwa na harufu hafifu ya majivu yaliyomwagiwa maji, ingawa nyumba ilipashwa joto kwa mabomba na hapakuwa na jiko la kuni popote.

"Wametulia," alisema Zumreta.

"Wiki moja tu," Bi Vildana alijibu. "Wakija wanapiga kelele, wanatafuta mlango. Baada ya wiki moja, hutulia wote. Sijui ni hewa ya mlima. Nakwambia kweli, mwenyewe sijui."

Mtu aliyechoka haulizi maswali mengi. Zumreta alimpeleka mama yake Jumatatu. Bi Behija alipowaona wazee wale alikishika kifungo cha koti la binti yake kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

"Bibi, usiniache na hawa," alisema, maana hakujua anamwambia nani. "Hawa nyumba zao zina taa, lakini wenyewe hawamo."

"Ni wiki moja tu, mama. Utazoea."

"Wenyewe hawamo!"

Zumreta alishuka mlima akijiambia kwamba ni maradhi yanayosema.

Sasa, siku ya tisa, simu ile. Jumapili akapanda mlimani na sahani ya pita, chapati za tabaka zilizojazwa viazi, iliyofungwa kwa taulo, ikiwa bado moto. Mama yake alikuwa ameketi dirishani, nywele zimechanwa, mgongo umenyooka.

"Umekonda, mwanangu," alisema. "Kaa nikutazame."

Akamshika mashavu. Akamuuliza habari za kiwanda, akamtaja msimamizi kwa jina, akauliza kama goti la Muniba limepona. Alikumbuka mvua ya siku aliyomzaa Zumreta. Zumreta alimpigia Rasim ili amwone mama yao kwenye simu, na Rasim akasimamisha lori kando ya barabara, akalia kama mtoto.

"Dada, ulimpeleka mapema mno! Huyu yuko timamu kuliko mimi na wewe!"

"Nirudishe nyumbani, Zumreta," mama akasema. "Mimi nimepona. Nirudishe nilale kitandani kwangu."

Ni mtoto gani angekataa? Alikwenda kutia saini. Bi Vildana alimtazama kwa muda, kalamu mkononi.

"Wewe ni wa kwanza kumtoa mtu," alisema polepole. "Wengine huwaacha hapahapa, wanakuja Jumapili, wanafurahi, wanaondoka. Una hakika?"

"Ni mama yangu."

Bi Vildana alisukuma karatasi.

Wakipita ukumbini, begi mkononi, Zumreta alisikia mzee mmoja katika chumba cha pembeni akimwambia binti yake, kwa upole uleule, kwa pumzi ileile: "Umekonda, mwanangu. Kaa nikutazame." Na binti alikuwa mnene. Zumreta alipunguza mwendo, lakini mama yake alikuwa amemshika mkono, na mkono ule ulikuwa na joto, naye akaendelea kutembea.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za furaha. Bi Behija alipika, alifagia, alikunja nguo. Zumreta alikwenda kazini bila kufunga mlango. Siku ya nne alirudi mapema, wakaketi kula, na hapo ndipo alipogundua jambo.

Maradhi yalikuwa yamemnyang'anya Bi Behija kila kitu isipokuwa neno moja. Hata siku alizotafuna kitambaa cha meza akidhani ni mkate, hakuanza bila kusema bismillahi. Ulimi wenyewe ulikuwa umelizoea, akili haikuhitajika. Sasa akili yote imerudi, na kijiko kikapanda kinywani kimyakimya.

"Bismillahi," alisema Zumreta kwa sauti.

Mama yake aliweka kijiko chini. Alisubiri, akitabasamu, kama mtu anayesubiri gari lenye kelele lipite. Kisha akaendelea kula.

Zumreta alijikemea. Lakini tangu hapo alianza kutazama, na anayetazama huona. Aliona kwamba kila alfajiri alipoamka kwenda kazini mama yake alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha dirishani, mikono magotini, kitanda hakijaguswa. Aliona kwamba kahawa aliyomimina ilipoa mbele yake bila kupungua. Na ile harufu ya majivu yaliyoloweshwa, ambayo aliiacha mlimani, sasa ilikuwa kwenye mapazia, kwenye foronya, na hata kwenye mkate uliotoka tanurini muda huohuo.

Muniba alikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata kunywa kahawa. Hakumaliza kikombe. Alitoka mbio bila viatu, soksi kwenye theluji, na Zumreta alimkuta ameketi kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe.

"Kakwambia nini?"

"Aliniambia maneno ya mwisho ya mwanangu." Mwana wa Muniba alikufa vitani, miaka mingi iliyopita, mikononi mwa mama yake, ndani ya ghala. "Maneno yale nayajua mimi na Mungu. Sikumwambia mume wangu, sikumwambia imamu. Na ameniambia kwa wema, Zumreta! Ananipapasa mkono, anasema, usilie, hakuumia sana." Alishika ukuta. "Yule si Behija. Nimekuwa jirani yake miaka arobaini. Yule si Behija."

Zumreta alirudi nyumbani. Mama yake alikuwa anakata mkate.

"Muniba kachoka," alisema bila kugeuka. "Huzuni ni kitu kizito. Hata wewe ulichoka, mwanangu. Siku ile ya vidole vyangu, ulisimama hapahapa, umeshika kisu hikihiki, ukamwomba Mungu anichukue kabla hakujapambazuka. Mimi nimekusamehe."

Zumreta hakuwahi kuitamka dua ile. Aliiomba moyoni, mdomo umefungwa, mama yake akiwa amelala chumba cha pili, na tangu usiku ule alikuwa ameibeba peke yake kama mtu abebaye kaa la moto ndani ya ngumi. Sasa aliisikia ikitoka kwenye kinywa kile, neno kwa neno, pamoja na jina la utotoni alilojiita mwenyewe akiomba, na mkate ukiendelea kukatwa, vipande vyembamba vilivyolingana, kimoja baada ya kingine baada ya kingine, na yule aliyeukata akitabasamu kuelekea dirishani, ambako pumzi ya Zumreta ilikuwa imefanya ukungu juu ya kioo na pumzi ya mama yake, aliyesimama karibu zaidi, haikufanya chochote.

Muniba ndiye aliyemleta Bibi Hanka. Katika mji ule wanawake wanaoyeyusha madini ya risasi ili kuondoa hofu na vitu vya hofu wamebaki wachache. Bibi Hanka hakuonekana mganga hata kidogo. Alikuwa kikongwe mfupi, mstaafu wa posta, mvutaji sigara asiyekoma, na koti lake lilifungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki badala ya kifungo.

Alimtazama Bi Behija kutoka mlangoni. Hakuvua viatu.

"Miaka thelathini nilipanga barua," alimnong'oneza Zumreta. "Bahasha iliyofunguliwa njiani ikagundishwa upya, naijua hata gizani. Huyu kafunguliwa."

"Ni nini kilichomo?"

"Shhh. Usikitaje. Vitu hivi hupenda nyumba tupu. Magofu, vinu vya maji vilivyoachwa, majalala. Siku hizi vimepata nyumba tupu zinazotembea." Alizima sigara kwenye soli ya kiatu. "Mimi nitamwaga risasi. Lakini neno toka, lazima liambiwe na mtu wa damu ya huyu. Kama huwezi, niambie sasa hivi nirudi kwangu."

"Nitaweza."

"Husema hivyo wote."

Walifanya kazi ile mchana, jua likiwa juu. Bi Behija hakukataa. Aliketi katikati ya jikoni kama bibi harusi, wakamfunika kitambaa chekundu. Muniba alishika bakuli la maji juu ya kichwa chake. Bibi Hanka aliyeyusha risasi kwenye kijiko kirefu cha chuma, akisoma aya kwa midomo tu, mpaka madini yakawa kama kioo kinachotikisika.

Alimwaga mara ya kwanza. Maji yalilia. Chini ya kitambaa hakukuwa na sauti.

Alimwaga mara ya pili. Harufu ya majivu ilijaa jikoni hadi wakakohoa, na sauti ya mama ikatoka, tulivu kabisa.

"Zumreta. Wanakufanyisha nini?"

"Usimjibu," alisema Bibi Hanka.

"Zumreta, mimi sikumfukuza mtu. Niliikuta nyumba wazi, nikawasha taa. Siku zake zote ninazo mkononi. Siku uliyoanza kutembea. Wimbo aliokuimbia. Nikitoka, natoka nazo. Hatakuita jina tena mpaka azikwe. Ndicho unachotaka? Wewe ulikuwa unalia chooni, umefungulia bomba asisikie mtu, ukimwomba akuite mara moja tu. Mimi nimekuita. Nitakuita kila siku. Nitakuuliza kama umekula."

Kijiko kilikuwa kimetulia hewani. Maji yalikuwa yakimwagika ukingoni mwa bakuli la Muniba. Bibi Hanka alisema, "Mwanangu, risasi inaganda," lakini Zumreta alikuwa ameshikilia meza kwa mikono miwili, na ukweli ni kwamba alikuwa anafikiri. Alikuwa anaiona miaka yote iliyo mbele, mashuka ya kufua alfajiri, kofi la usoni kutoka kwa mkono aliouosha mwenyewe, yule mwanamke, yule mwizi, na upande wa pili anaona kiti cha dirishani na mtu anayemtazama na kumjua, na alijua kwamba kama angesema tu "ngoja", Bibi Hanka angefunga mkoba wake bila kumlaumu, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angemlaumu.

Badala yake aliuliza, "Mama yangu yuko wapi?"

Sauti ikasema, kwa mara ya kwanza ikiwa na uchovu, "Yuko nyuma yangu."

"Anafanya nini?"

"Analia. Anamwita mama yake. Mara nyingine hamwiti mtu."

"Gizani?"

"Gizani."

Zumreta alipiga magoti mbele ya kiti. "Toka," alisema. "Toka kwa mama yangu. Chukua jina langu, chukua siku zote, chukua na wimbo, ila yeye mwache. Toka!"

Bibi Hanka alimwaga. Maji yalilipuka kwa mlio kama wa kofi, bakuli likapasuka, na vioo vyote vya madirisha vikatoa jasho kwa wakati mmoja, vikatiririka. Kitu kilipita kati yao, kizito na kibichi, kikawasukuma wote watatu kwenye kuta, na mlango wa nje, uliokuwa umefungwa kwa komeo, ulikutwa wazi.

Zumreta aliondoa kitambaa chekundu. Chini yake kulikuwa na kikongwe mdogo mwenye macho ya hofu, nywele zimelowa. Mkojo ulitiririka kutoka kwenye kiti hadi sakafuni.

"Bibi," alisema Bi Behija kwa sauti nyembamba, "mimi nimepotea. Wewe unaitwa nani?"

Zumreta alimkumbatia. "Mimi ni mtu wa hapa," alisema. "Usiogope. Mimi ni mtu wa hapahapa."

Rasim hakuamini neno hata moja. "Umemharibu," alisema kwenye simu, akakata. Zumreta aliomba zamu ya usiku kiwandani, Muniba akawa analala kwa Bi Behija, na maisha yakarudi kuwa magumu kama zamani. Mama yake alimpiga, alimtukana, alimwita mwizi. Zumreta alivumilia, lakini alijua hali ile haitadumu. Muniba mwenyewe alikuwa mzee. Siku moja tena angelazimika kutafuta.

Jumapili ya kwanza ya Desemba alipanda mlimani. Alikuwa ameamua kuwaambia jamaa za wazee wale. Alisimama kwenye uwanja wa magari, theluji ikianguka, akitafuta pa kuanzia, na wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja mwembamba, koti limepigwa pasi, maua yamefunikwa kwa gazeti. Alimtambua: Bwana Ismet, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye mkewe Mevlida alikaa meza moja na Bi Behija.

Alimweleza yote palepale, kwa kunong'ona, maneno yakikanyagana. Harufu. Pumzi isiyoacha ukungu kiooni. Siri za watu. Risasi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Najua, mwanangu," alisema.

"Unajua?"

"Tangu Jumapili ya kwanza. Miaka arobaini na sita Mevlida hakuwahi kucheka mzaha wangu hata mmoja. Alikuwa ananiambia, Ismet, nyamaza, unanitia aibu. Huyu hucheka." Alipangusa theluji kwenye gazeti. "Yeye mwenyewe alinisahau miaka minne kabla ya kuletwa hapa. Alikuwa akiniona anajificha nyuma ya pazia, anapiga mayowe kwamba kuna mwanamume ndani. Mimi. Ndani ya nyumba yangu. Tafadhali, usiende kuwaambia wengine. Nusu yao wanajua. Nusu nyingine waache."

"Lakini Bi Mevlida mwenyewe yumo mle! Yumo gizani, analia!"

Mzee aliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ubaoni.

"Masikio yangu ni mabovu, mwanangu," alisema. "Sisikii vizuri tena."

Kisha akasawazisha maua, akapangusa viatu vyake kwa makini kwenye zulia la mlangoni, akaingia ndani.